Mgonjwa kafa, daktari kizimbani: Nani amtetee?

HEBU nikuulize swali moja la kichokozi, msomaji wangu. Ndugu yako kaingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake, kakuachia simu na pochi, kasema "nakuja sasa hivi". Kisha katoka kafunikwa shuka mpaka usoni. Miezi inapita, unakwenda mahakamani unamkuta daktari aliyempasua kasimama kizimbani, na mbele yake yupo wakili kavaa suti nyeusi, anamtetea kwa nguvu zote. Utamwonaje wakili huyo?

Jibu lako nalijua. Swali hili nililitupa kijiweni kwetu na nusura kahawa zimwagike. Fundi pikipiki mmoja alisema wakili wa aina hiyo afungwe chumba kimoja na mteja wake. Mwingine akasema wote hao ni wale wale, wasomi wanalindana. Mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa anapita na beseni lake akasimama, akatuangalia kama watoto wadogo, akasema: "Haya, wafungeni wote. Halafu mimi na hii ngiri yangu nani atanipasua? Wewe fundi pikipiki?"

Tulicheka, lakini mama wa watu alikuwa kagusa penyewe. Na leo, jamani, mniwie radhi wote mliofiwa: mimi nasimama upande wa wanaosema daktari atetewe. Tena atetewe vizuri, na wakili anayejua kazi. Sijasomea sheria, wala koti jeupe sijawahi kulivaa. Shule yangu ni kidato cha nne basi. Lakini kusoma najua, kuuliza najua, na kufiwa najua pia. Hilo la mwisho nitalieleza huko mbele.

MWANA WA SIERRA LEONE NDANI YA OLD BAILEY

Kisa chenyewe kilichonifanya nishike kalamu ni cha Mwafrika mwenzetu, David Sellu. Bwana huyu alizaliwa Sierra Leone, akaenda Uingereza kusomea udaktari, akapanda ngazi mpaka akawa daktari bingwa wa upasuaji wa utumbo jijini London. Kijana wa kijijini Afrika kuwa bingwa London, unaelewa mwenyewe hapo kapita milima mingapi.

Sasa sikiliza. Februari 2010, katika hospitali moja ya binafsi huko Harrow, kaskazini magharibi mwa London, kulikuwa na mgonjwa wa kiume mwenye umri wa miaka 60 na ushei. Alikuwa kabadilishiwa goti, na kazi ya goti aliifanya daktari mwingine kabisa, siyo Sellu. Siku chache baada ya goti, tumbo likaanza kumkata yule mzee. Jioni ya Februari 11, Sellu akaombwa aje amtazame.

Akaja, akampima, akashuku utumbo umetoboka. Utumbo ukitoboka, uchafu unamwagika ndani ya tumbo, na kila saa inayopita ni deni linalozidi riba. Sellu akaagiza mgonjwa apigwe picha ya CT kesho yake. Kuhusu dawa za antibiotiki, alisema alimwagiza kwa mdomo daktari wa zamu azianzishe. Agizo hilo halikuandikwa mahali, na usiku ule dawa hazikutolewa.

Kesho yake picha ikapigwa, ikaonyesha kweli utumbo umetoboka. Hapo ungetegemea mbio mbio thieta. Wapi! Daktari wa usingizi hakupatikana haraka. Hospitali ile haikuwa na mpango wa kuwa na daktari wa usingizi aliye tayari saa zote kwa dharura kama ile, ilibidi atafutwe. Mgonjwa aliingia chumba cha upasuaji usiku wa Februari 12. Februari 14 akafariki dunia.

Ndugu msomaji, mzee wa watu alikwenda kutengeneza goti. Familia yake ilikuwa na haki zote za kuuliza, na kulia, na kukasirika. Hilo hakuna mtu wa kulipinga.

Upelelezi ukafanyika, na mwaka 2013 Sellu akafikishwa Old Bailey, ile mahakama maarufu ya London, kwa kosa la kuua bila kukusudia kutokana na uzembe uliokithiri. Novemba 2013 jopo la raia likamtia hatiani. Jaji akampa miaka miwili na nusu. Daktari bingwa, mtu wa makamo aliyekwisha vuka 60, akapelekwa Belmarsh, jela yenye ulinzi mkali wanakofungwa magaidi na wauaji. Alikaa ndani miezi 15.

Wengi tungesema kesi imekwisha, haki imetendeka, tugeuze ukurasa. Lakini wapo waliokataa kugeuza.

MARAFIKI WASIOKUBALI

Madaktari wenzake, wagonjwa wake wa zamani na marafiki wakaanza kujikusanya. Wakasoma makaratasi ya kesi upya. Wakatafuta mawakili wapya. Wakauliza maswali ambayo kwa maoni yao hayakusikika vya kutosha kwenye kesi ya kwanza: Hospitali yenyewe ilikuwa na mpango gani wa dharura? Kwa nini daktari wa usingizi atafutwe kama fundi wa friji? Kwa nini lawama za mnyororo mzima zimwangukie mtu mmoja?

Novemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu. Na hapa usinichanganyie mambo: majaji wa rufaa hawakusema kwamba Sellu alifanya kila kitu sawasawa. Walichosema ni kwamba jopo halikuelekezwa kwa ufasaha wa kutosha kuhusu mstari unaotenganisha kosa, hata kosa kubwa, na ule uzembe mbaya kupindukia unaostahili kuitwa jinai. Raia wa kawaida walipewa kazi ya kupima bila kuonyeshwa alama kwenye mizani.

Mwaka 2018 baraza la nidhamu la madaktari huko huko Uingereza likamsafisha. Mwaka 2019 akatoa kitabu akieleza yaliyomkuta. Lakini ile miezi 15 nani atamrudishia? Jina lake lililoandikwa magazetini kama muuaji nani atalifuta? Na familia ya marehemu nayo, iliyopitishwa kwenye kesi, hukumu na rufaa kwa zaidi ya miaka sita, nani ataifuta machozi?

Ndiyo maana nasema, utetezi mzuri siku ya kwanza ni faida kwa wote, hata kwa waliofiwa. Kesi iliyojengwa kwa pupa hubomoka, na ikibomoka inawaangukia wote waliomo ndani.

WAKILI ANATETEA NINI HASA?

Watu wengi wanadhani wakili wa daktari anasimama kusema "mteja wangu hajakosea, mgonjwa ndiye mkorofi". Siyo hivyo. Nimesoma kesi kadhaa na nimekaa na mwanasheria mmoja kijana wa mtaani kwetu akanichambulia kama karanga. Anasema utetezi wa daktari huzunguka maswali manne.

Swali la kwanza: madaktari wenzake wangefanyaje? Hili lina historia. Mwaka 1957 London kulikuwa na kesi ya bwana mmoja aitwaye Bolam. Alikuwa mgonjwa wa akili, akatibiwa kwa shoti ya umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli, akavunjika nyonga. Kipimo kilichowekwa pale ni kwamba daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alifuata njia inayokubaliwa na kundi la madaktari makini wa fani ile, hata kama wapo wengine wanaopendelea njia tofauti. Bolam akashindwa kesi. Kipimo hicho kimeenea mpaka kwenye mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Waingereza, sisi tukiwemo.

Najua unachotaka kusema: si watalindana tu? Mwaka 1997 mabwana wakubwa wa sheria Uingereza, kwenye kesi ya Bolitho, walilijibu hilo. Wakasema haitoshi kuleta mabingwa watano waseme "hata sisi hufanya hivyo". Maelezo yao lazima yaingie akilini. Kama hoja haina mantiki, mahakama inaitupa hata iwe imeletwa na profesa mwenye ndevu nyeupe.

Swali la pili: je, kosa hilo ndilo lililoua? Mgonjwa anaweza kuwa kafika hospitali hali mahututi, mguu mmoja ndani mguu mmoja kaburini. Daktari anaweza kuwa kachelewa saa mbili kweli, lakini je, angewahi mgonjwa angepona? Mshitaki lazima aunganishe nyuzi hizo mbili. Zisipoungana, kesi haisimami.

Swali la tatu: mazingira yalikuwaje? Nani alikuwa zamu? Damu ilikuwepo? Umeme ulikuwepo? Mashine ilikuwa nzima? Daktari alikuwa anapasua mgonjwa wa ngapi siku hiyo?

Swali la nne: uzembe wenyewe ni wa kiwango gani? Uzembe wa kulipa fidia ni mmoja, uzembe wa kwenda jela ni mwingine. Kwenye kesi ya madai, mshitaki anashinda kama maelezo yake yana uzito kuliko ya mwenzake. Kwenye jinai, shaka yoyote ya msingi ikibaki, mshitakiwa anakwenda nyumbani.

Tena usidhani utetezi unamwokoa kila mtu. Wapo walioangukia pua. Mfano ni Adomako, daktari wa usingizi huko huko London. Mwaka 1987, mgonjwa wake akiwa anafanyiwa upasuaji wa jicho, mpira wa kupitishia hewa ya oksijeni ulichomoka. King'ora cha mashine kilipolia, dakika nne na ushei zilikuwa zimekwisha pita, na hata hapo daktari hakugundua kwamba mpira umechomoka. Moyo wa mgonjwa ukasimama. Adomako alitiwa hatiani, akakata rufaa mpaka juu kabisa, na mwaka 1994 akashindwa. Alitetewa, na bado ushahidi ukamzidi. Hiyo ndiyo mahakama.

SHERIA YETU INASEMAJE

Tukirudi nyumbani, watu hushangaa nikiwaambia kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina maneno yake kabisa kuhusu kisu cha daktari. Kifungu cha 233 kinamkaba anayetoa matibabu au kufanya upasuaji kwa pupa au kwa uzembe kiasi cha kuhatarisha uhai wa mtu. Kwa hiyo mlango wa jela upo, haujafungwa.

Lakini geuza kurasa chache nyuma, kifungu cha 230. Kwa lugha yangu ya mtaani kinasema hivi: mtu hana hatia ya jinai akimfanyia mwenzake upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa, ikiwa ilikuwa busara kuufanya kwa kutazama hali ya mgonjwa wakati ule na mazingira yote. Wakenya nao wana maneno kama hayo kwenye sheria yao.

Naomba uyapigie mstari yale maneno mawili, "mazingira yote". Hapo ndipo wakili wa daktari anapotandika mkeka wake na kukaa. Maana sheria haimpimi daktari wa wilayani kama vile yuko London na mashine sita. Inampima kwa alichokuwa nacho, saa ile, na mgonjwa yule. Na haimpi ruhusa ya kulala usingizi wala kupokea simu ya hawara huku mgonjwa anavuja damu.

KICHWA KWA GOTI

Ukitaka kuona hatari ya kumtazama mtu mmoja na kusahau mnyororo, hatuna haja ya kupanda ndege. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa. Aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Aliyekuwa na tatizo la goti akafunguliwa kichwa. Nchi nzima ilishika mdomo. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima redioni wakilia.

Miaka kumi ikapita na kidogo, mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi nayo ikapata lake. Mgonjwa mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, anahitaji kufunguliwa. Mwingine alikuwa na uvimbe tu ambao haukuhitaji kisu. Akapasuliwa yule asiyehitaji. Madaktari walichimba kwa saa kadhaa wakitafuta damu iliyoganda, hawaioni, ndipo wakashtuka: huyu siye!

Uongozi ukasimamisha kazi watu wanne: daktari mpasuaji, nesi wa wodini, nesi wa kupokea wagonjwa thieta na mtaalamu wa usingizi. Kukawaka. Madaktari wenzake yule mpasuaji wakasimama kumtetea, wakisema mgonjwa aliletwa mezani akiwa na kitambulisho chenye jina la mtu mwingine. Nikiri kwamba wapo waliowaona wale madaktari kama watu wanaoficha uchafu chini ya zulia. Mimi nawaona tofauti. Walikuwa wanauliza swali la msingi kabisa: yule mgonjwa alipita mikono mingapi kabla hajafika kwenye kisu, na kila mkono ulifanya kazi gani?

Hesabu mwenyewe. Aliyeandika jina. Aliyefunga kitambulisho mkononi. Aliyemsukuma kwenye kitanda. Aliyempokea mlangoni. Aliyemlaza usingizi. Aliyeshika kisu. Watu sita, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuuliza "jamani, huyu ndiye?" Ukimfunga wa mwisho peke yake, wale watano wa mwanzo kesho wako pale pale, na mtindo wao ni ule ule.

NILIBEBA JENEZA

Sasa lile nililoahidi. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na uvimbe tumboni. Alipasuliwa katika hospitali moja huko mkoani; jina lake nalihifadhi. Siku ya pili alikuwa anaongea na kuomba uji. Siku ya nne homa ikapanda, tumbo likajaa. Wakampeleka tena thieta. Alfajiri ya siku ya sita tukapigiwa simu.

Nilibeba jeneza, bega la kushoto. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba nawatetea madaktari kwa kuwa sijui uchungu.

Baada ya arobaini kikaitwa kikao cha ukoo. Baba mdogo alikuwa amekwisha pania. Alitaka twende polisi asubuhi ya kesho yake, daktari akamatwe, picha yake ipigwe, gazeti liandike. Alinitazama mimi kabisa aliposema gazeti. "Wewe si mwandishi? Kalamu yako kazi yake nini?"

Mama mkubwa, aliyewahi kuwa nesi miaka mingi mpaka akastaafu, alikuwa kakaa mkekani kimya. Akasema taratibu: "Shemeji, kabla ya kumkamata mtu, nani hapa ameliona faili?"

Kimya. Hakuna aliyeliona.

"Nani anajua uvimbe ulikuwa umeshika wapi? Nani anajua homa ilianza saa ngapi, aliambiwa nani, na aliyeambiwa alifanya nini? Nani aliomba maiti ichunguzwe kabla hatujazika?"

Baba mdogo akajibu kwa hasira, "Shemeji, unamtetea muuaji wa dada yangu?"

"Namtetea dada yako," akasema. "Nataka kujua kilichomuua."

Tulikwenda kuomba taarifa. Tulizungushwa wiki tatu, mara mhusika yuko likizo, mara leta barua. Mwisho daktari mwenyewe alitupokea. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, kijana kuliko nilivyomfikiria. Alitueleza kwamba uvimbe ulikuwa umeng'ang'ania utumbo, na alipoubandua utumbo ulijeruhiwa, akaushona. Mshono ulifumuka. Alisema hilo hutokea hata kwa mikono mizuri. Alisema pia homa ilipopanda usiku hakuitwa mpaka asubuhi, na kwamba usiku ule wodi nzima ilikuwa na nesi mmoja.

Je, alisema kweli yote? Sijui, na bila uchunguzi wa maiti hatutajua kamwe. Baba mdogo mpaka leo hasemi na mama mkubwa. Kesi hatukuifungua. Lakini nilitoka pale nikiwa na jambo moja ambalo polisi wasingeweza kunipa: nilijua pa kuuliza. Nesi mmoja kwa wodi nzima, usiku kucha. Hilo nalo lina mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yule kijana mwenye macho mekundu.

IFAKARA ILIVYOIFUNDISHA DUNIA

Watu wakiacha kukimbilia jela kwanza na wakatazama mnyororo, wanapata nini? Wanapata mambo kama ya Ifakara.

Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Mambo yenyewe ni ya kawaida mno mpaka unaweza kucheka. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa wapi? Alama imewekwa? Ana mzio wa dawa? Antibiotiki imetolewa? Vitambaa na vifaa vimehesabiwa? Yaani kama kondakta anayehesabu abiria kabla basi halijaondoka.

Orodha hiyo ikajaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara yetu ya Morogoro. Ndiyo, Ifakara! Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa wagonjwa 7,688 waliofuatiliwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 mpaka 7. Kwa karatasi moja tu, na watu kukubali kuulizana kwa sauti.

Ebu fikiria: daktari anayejua kwamba akisema "nilikosea hapa" atafungwa pingu, atasema? Hatasema. Atakunja faili, atanyamaza, na kosa lile lile litamsubiri mgonjwa wa kesho. Anayejua kwamba atasikilizwa, atapimwa kwa haki na atatetewa, huyo ana sababu ya kufungua mdomo. Na mimi na wewe, watarajiwa wa kisu, tunataka madaktari wanaofungua midomo.

UKIFIKWA WEWE UFANYE NINI

Sitaki umalize ukurasa huu ukidhani nasema wafiwa wakae kimya. La hasha! Mimi nasema waulize kwa akili.

Moja, kabla ya upasuaji uliza jina la daktari, anakwenda kufanya nini, hatari zake ni zipi, na isipofanywa itakuwaje. Usione haya. Karatasi ya ridhaa siyo ya kutia saini huku unaangalia saa.

Mbili, likitokea la kutokea na huelewi, omba uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika. Najua mila, najua dini zinahimiza kuharakisha, na kila familia itaamua yake. Ila jueni kwamba baada ya mazishi mlango huo unakuwa mgumu sana kufungua.

Tatu, andika. Saa ngapi homa, nani aliambiwa, alijibu nini. Kisa cha Sellu kinakuonyesha: agizo la mdomo lisiloandikwa lilizua ubishi wa miaka. Na madaktari mnaonisoma, hilo ni lenu pia. Kalamu ndiyo wakili wenu wa kwanza.

Nne, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika linalopokea malalamiko dhidi ya madaktari. Ukitaka fidia mahakamani, jua kwamba madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu, na kama hospitali ni ya serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Watu wengi wenye madai ya kweli wameachwa na basi kwa kutojua hilo.

Na siku ukiwa umekaa mahakamani, moyo unakuchoma, unamwangalia yule wakili wa daktari akiuliza swali baada ya swali, usimchukie. Msikilize. Kama daktari kweli alizembea, maswali yake hayatamsafisha, mwulize Adomako. Kama hakuzembea, au hakuzembea peke yake, basi wakili yule ndiye atakayekuonyesha waliobaki nje ya kizimba: wodi yenye nesi mmoja, daktari wa usingizi asiyepatikana, kitambulisho chenye jina la mtu mwingine.

Baba mdogo, najua gazeti hili unalisoma. Salamu zako hizo. Na mama mkubwa anakusalimu pia, kasema mlango wake uko wazi.

Wiki ijayo tutakuwa kwenye mambo mepesi kidogo: kwa nini vijana wa siku hizi wanachangisha harusi ya milioni kadhaa halafu fungate wanaifanyia kwa mama mkwe. Mpaka hapo, kaa salama, na ukiitwa thieta, uliza kwanza.